Mteja anataka hati, Baba Mdogo anataka heshima

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, fundi seremala hapa Morogoro. Karakana niliachiwa na baba, aliyefariki mwaka 2019. Watu bado hushangaa wakinikuta nimeshika randa, lakini mimi nilijua kunoa patasi kabla sijajua kusuka nywele. Tuko watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kijana mmoja tuliyemchukua alipomaliza chuo cha ufundi.

Baba alikuwa na rafiki muuza mbao. Sisi watoto tumekua tukimwita Baba Mdogo, na wengi mtaani wanadhani ni ndugu wa damu. Baba alipofariki hatukuwa na kitu. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mninga wa Baba Mdogo, hakutudai hata senti, na mimi mwenyewe ndiye niliyelipiga randa. Baada ya arobaini alikuja karakana, akaniambia: "Mwanangu, usifunge. Chukua mbao, utalipa ukiuza." Ndivyo tulivyoishi mpaka leo, mali kauli.

Mjomba, mbao zenyewe zinakuja usiku. Kijana wake hunipigia saa saba, naamka kufungua geti. Nyingi zinakuja mbichi kabisa, ukizipasua msumeno unabanwa. Sijawahi kupewa risiti wala karatasi yoyote. Daftari la deni analo yeye. Kila nikilipa ananiambia "bado kidogo tu mwanangu", na mara ya mwisho hicho kidogo kilikuwa milioni mbili na laki nne.

Mwaka jana niliuza meza ya mkutano ya watu wanane kwa ofisi moja. Niliibana vizuri, gundi na skrubu kwenye fremu pande zote, isiende popote. Baada ya miezi miwili ilipasuka katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilirudisha hela yote. Nilimwambia Baba Mdogo mbao zake zilikuwa mbichi, akacheka, akasema baba yako alizitumia hizo hizo miaka 20.

Sasa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nyumba ya wageni inajengwa upande wa Mikumi: vitanda 12, makabati 12, milango 12 na fremu zake. Nina miezi mitano. Wameandika kwenye mkataba kwamba wanataka mbao ngumu, na kwamba kabla ya malipo ya mwisho nioneshe risiti na hati za mbao zilikotoka.

Nilijaribu kutafuta mwenyewe. Nikapanda bodaboda hadi yadi moja upande wa pili wa mji, sikumwambia mtu. Walinionyesha "mninga" mzuri mwekundu. Nilipoukwaruza kwa ukucha, chini palikuwa peupe, umepakwa rangi. Sikununua. Kabla sijafika nyumbani simu ikalia, Baba Mdogo: "Nasikia siku hizi mwanangu unatembea." Sikulala siku ile.

Mama anasema, "Mtu alimzika baba yako kwa mbao zake, leo wewe unamdai karatasi?" Mdogo wangu anasema yuko mtu anayeweza kutuuzia hati ya mzigo mwingine, tuiambatanishe, mambo yaishe. Mimi sitaki, lakini sina jibu la kumpa.

Nitapata wapi mbao ngumu za halali, zilizokauka, zisizo mbali, bila kumvunjia mzee huyu heshima? Au niiache kazi?

Fundi wa Morogoro

*

Marahaba mpwa wangu. Pole kwa baba, ingawa miaka imepita.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli mkononi, kwa sababu naona umefunga mambo manne kwa kamba moja: deni, hati, ubichi wa mbao, na lile jeneza. Yote umeyaita tatizo la mbao. Niruhusu niyafungue moja moja, na usikasirike nikianza na lile ambalo hukuniuliza.

Ile meza. Umeandika kwamba uliibana gundi na skrubu pande zote, isiende popote. Mpwa wangu, ubao lazima uende. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana, lakini kwa upana, hewa ikiwa kavu ubao hunywea, hewa ikiwa na unyevu hutanuka, maisha yake yote, hata ukiwa umekauka namna gani. Meza ya watu wanane ina upana wa karibu mita moja. Ukaipeleka kwenye ofisi ambayo, nabahatisha, ina kiyoyozi kinachokausha hewa kutwa nzima. Ikataka kunywea, fremu ikaizuia, ikapasuka. Mbao za Baba Mdogo zilichangia, hilo sikatai. Lakini hata ungepewa mninga uliokaa stoo miaka mitano, kwa ufungaji ule ungeweza kupata ufa. Tundu za skrubu zirefushwe kidogo kuelekea upana, au tumia vibanio vya mbao vinavyoteleza kwenye mfereji wa fremu, na gundi usiitie kabisa kati ya uso wa meza na fremu. Baba yako aliuza kwa watu wenye madirisha ya wavu, ndiyo maana miaka 20 hakupata kesi. Nyumba ya wageni itaweka viyoyozi.

Nimeanza hapo kwa sababu usije ukabadilisha muuzaji, ukalipa zaidi, ukapata hati safi, kisha makabati 12 yakapasuka vilevile. Hati haikaushi ubao.

Kuhusu kukausha, nina swali. Mbao zikiingia saa saba usiku, unazianza baada ya siku ngapi? Kama ni wiki ileile, basi kazi ya kukausha mmeiacha njiani wote wawili, yeye na wewe. Huhitaji kifaa cha bei kubwa. Chukua kipande, kipime kwenye mzani wa jikoni, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 100 au zaidi kidogo mpaka uzito uache kushuka, kisha kipime tena. Kikiwa na gramu 130 mwanzo na 100 mwisho, ubao ule una unyevu wa asilimia 30, yaani ni mbichi. Kwa samani za chumba chenye kiyoyozi unatafuta asilimia 10 hadi 12. Kwa kupanga tu kivulini, mbao zikiwa juu ya magogo mafupi, zimetenganishwa kwa vijiti vya inchi moja vilivyosimama mstari mmoja toka chini hadi juu, na ncha zimepakwa rangi ya mafuta zisipasuke, mbao ya inchi moja huchukua kama miezi mitatu ya kiangazi, zile nzito minne. Na hata hapo itashuka hadi pale hewa ya Morogoro inaporuhusu, hapo ikome. Kumalizia kunahitaji tanuri, au kuziacha wiki kadhaa ndani ya vyumba vyenyewe. Za inchi mbili, za fremu za milango, kwa miezi mitano usizitegemee kama leo bado ni mbichi. Fremu ndizo zitakazokubana kwenye mkataba huu, kuliko vitanda.

Sasa hati. Umechukulia kwamba Baba Mdogo hana. Huenda ni kweli. Lori la usiku na geti la saa saba havinipi raha hata mimi. Lakini katika barua yako yote sijaona mahali ulipomuuliza. Ulimlalamikia ubichi, ukaenda yadi nyingine kwa siri, mama akakukemea kwa kumdai karatasi ambayo hujamdai. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo ninyi mnaiita TP, huandikwa kwa mzigo mzima, gari lile na safari ile.  Mnunuzi wa rejareja anaweza kuomba nakala yake pamoja na risiti ya muuzaji aliyesajiliwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Inawezekana mzee anazo kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro na hajawahi kuona sababu ya kumwonyesha mtoto wa rafiki yake. Inawezekana hana hata moja. Ukimuuliza utajua, na kujua nako kuna uzito wake: ukishajua hana, huwezi tena kusema hukujua. Mbao zisizo na hati huweza kutaifishwa zilipokutwa, na anayekutwa nazo ndiye wa kwanza kujieleza. Geti ni lako.

Kabla hujamuuliza, kumbuka pia biashara yake ilikulia wapi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, magogo ya Lindi yalianza kuteremka kwa wingi usio na hesabu, na ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya ushuru uliostahili kulipwa haikulipwa. Wauzaji wa rika lake wengi walijifunza kazi katika hali hiyo. Simtetei. Ninachosema ni kwamba neno "hati" masikioni mwake laweza kusikika kama neno "mwizi", hivyo angalia unavyolitamka. Ukimwambia "mteja wangu hanilipi bila hizi karatasi, nisaidie", ni tofauti na "mbao zako zina hati?"

La mdogo wako: hati ya mzigo mwingine. Umesema hutaki, na nadhani tayari unajua kwa nini. Mpe hesabu, siyo mahubiri. Hati ile ina aina ya mti, ujazo, gari, tarehe na mahali mzigo ulipotoka. Mteja aliyefikia kuandika sharti hilo kwenye mkataba anaweza kumpa mtu kazi ya kupiga simu. Mbao 70 za inchi moja kwa sita za futi 12 ni mita moja ya ujazo. Yeyote mwenye kikokotoo ataona kama vitanda na makabati yako yanalingana na karatasi. Halafu jina lililosainiwa ni lako, siyo lake.

Tuje kwenye swali ulilouliza: wapi. Nianze kwa kukurudishia swali. Mkataba, kwa maneno yako, unasema "mbao ngumu". Haujasema mninga. Mninga umeusema wewe, kwa kuwa ndio uliokulia, na sikulaumu. Ni mti usionywea sana, haupindi ovyo, ukipigwa randa unang'aa wenyewe. Ila ni mti wa asili unaochukua miongo kukua, na mche wake una tabia ya ajabu, hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena chini kwa miaka mingi kabla haujasimama. Kila mtu anautaka, ndiyo maana ubao mwingine ukapakwa rangi ile uliyoikwaruza. Wengine watakupa mkurungu na kukuapia ni mninga. Hizo ni ndugu, ngumu kutofautisha zikisharandwa. Bahati nzuri uko mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye watu wa misitu wanaosoma ubao kama wewe unavyosoma mizani. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha kuwaulizia.

Kama mteja hajali jina la mti, mlango wa karibu kabisa ni mtiki, ambao watu wa pwani wanauita msaji. Shamba la Mtibwa, wilayani Mvomero, ni la TFS na liko mkoani kwako. Bonde la Kilombero nako kuna mashamba ya kampuni. Mti wa shamba una hati toka shinani, hapo usumbufu unapungua sana. Kasoro zake: TFS huuza mtiki kwa mnada na kwa mafungu makubwa yasiyo ya fundi wa watu watatu. Kwa hiyo ama mnaungana mafundi kadhaa, na kuungana kuna kesi zake, ama unanunua kwa wenye mashine wanaopasua walichoshinda mnadani, na hao utawadai nakala ya hati na risiti vilevile. Tazama rangi pia. Mtiki mchanga una weupe mwingi kandokando, na weupe ule hauna kinga ya mchwa kama kiini. Ukiuziwa mbao nusu nyeupe kwa bei ya kiini umepigwa, tena kwa hati halali. Na kabla ya gundi, futa sehemu ya kuungana. Mtiki una mafuta.

Mlango wa pili ni vijiji vyenye misitu yao. Kilwa kuna vijiji vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachotolewa kwa misitu inayovunwa kwa utaratibu, kupitia MCDI, shirika linalosaidia vijiji kutunza misitu yao, huko wanavuna mpingo, mninga na mkongo, na mapato yanabaki kijijini. Mtu wa Mikumi anayepokea watalii angefurahi mno kusikia kitanda kimetoka huko. Lakini ni safari ya karibu kilomita 500 ukipitia Dar, mara nyingi kinachouzwa ni mti uliosimama na siyo mbao zilizopasuliwa, na gogo likipasuliwa hupati hata nusu yake kama mbao nzuri. Kwa vitanda 12 sidhani gharama itakubali peke yako. Ofisi ya TFS ya wilaya inaweza kukuambia kama kuna kijiji cha mkoa wako chenye kibali cha kuvuna mwaka huu. Nenda uulize tu. Hakuna anayekamatwa kwa kuuliza.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi huidharau: mfenesi, mwembe, mgrivea wa mashambani. Mfenesi ulitumika kwenye milango ya kuchonga ya Zanzibar, kwa hiyo si mti wa kuonea aibu. Kwa mbao za ndani ya makabati ungekupunguzia mzigo. Nao usafirishe kwa utaratibu. Mti wa shambani kwa mtu hauna maana kwamba hauulizwi njiani.

Kuiacha kazi pia ni njia, siifichi. Miezi mitano, fremu za inchi mbili, mtaji wa kununua mbao na kuzilaza miezi mitatu bila kuzigusa: mambo hayo yameshafunga karakana kubwa kuliko yako. Au kabla ya kuiacha, rudi kwa mteja na umweleze habari ya kukauka kama nilivyokueleza. Huenda atakupa malipo ya awali ya kununulia mbao sasa, au atakubali milango ije mwezi wa saba au wa nane tangu kazi ianze. Wateja wanaouliza hati mara nyingi ni watu wanaopenda kuelezwa.

Mwisho, Baba Mdogo. Umeniandikia kana kwamba una njia mbili, kununua kwake au kumsaliti. Nauliza tu: yeye mwenyewe ameliona hivyo, au ni wewe na mama mmemwekea maneno mdomoni? "Nasikia unatembea" yaweza kuwa onyo. Yaweza pia kuwa mzee aliyeumia kwa sababu alisikia kwa watu na hakusikia kwako. Sijui sauti yake, wewe unaijua.

Jambo moja kwenye barua lilinisimamisha zaidi ya mengine: daftari analo yeye. Miaka yote hii hujui unadaiwa nini hadi akwambie. Sisemi anakuibia. Mtu aliyetoa mninga wa jeneza bure sioni kwa nini akuibie kwenye kitanda. Ila sasa msaada wa msibani na deni la mbao vimeandikwa ukurasa mmoja, na ndiyo maana ukitaka kuuliza la pili unahisi unamdhulumu kwa lile la kwanza. Ungeweza kwenda asubuhi moja, wewe na daftari lako jipya, mkaandika pamoja: tulichukua hiki, tulilipa hiki, kimebaki hiki. Anaweza kukataa. Anaweza kukasirika, akakufungia mali kauli siku hiyohiyo, na wiki mbili tatu ukose hata mbao ya kiti; hilo ulipime kabla ya kuondoka nyumbani. Anaweza pia kushusha pumzi, kwa sababu kudai mtoto wa marehemu si raha kwa mzee yeyote. Mama asiende nawe. Mdogo wako aende, asikilize.

Ukishalijua deni, niandikie, hata kama hujaamua lolote. Na kile kipande cha kupima kwenye oveni usikikate mwisho wa ubao. Ingia ndani kama futi moja ndipo ukate, maana ncha hukauka mapema kuliko ubao wenyewe.

Mjomba wako